Kaya Namba Kumi na Saba

Gari la maji hufika Jumanne na Ijumaa
likipanda kutoka barabara ya Newala kwa gia ya kwanza,
na kabla halijazima, mbuzi wa Nakoma
wamekwisha kusimama chini ya mpira.
Mbuzi hawamo daftarini. Wanalamba matone.

Mimi nimo. Kaya namba kumi na saba,
mwenye kisima, pima kumi na moja,
nilichokichimba mwenyewe mwaka ule korosho zilipolipa,
mimi chini na sururu, shemeji yangu Ausi juu na kamba,
hata siku mwamba ulipotoa jasho
nikapiga ukelele, Ausi akadhani nimevunjika mguu.

Maji yale yalikuwa matamu.
Sijisifu, waulize waliokunywa.
Walipokuja wale vijana wenye glavu
na vichupa vyenye vifuniko vya bluu
niliwachotea kwa kikombe changu, nikatangulia kunywa mimi,
kama mwenyeji anavyomwonjea mgeni
ajue hamna sumu.

Wiki sita. Kisha karatasi,
na neno refu ambalo mwanangu Theonas alilisoma mara mbili
lisieleweke.
Ni ghala, wakasema. Lile la dawa ya mikorosho,
lililoezuliwa na upepo tungali vijana.
Mapipa yake yalioza, na kilichokuwamo
kimekuwa kikitembea chini kwa chini kuja kwetu,
mvua baada ya mvua.
"Tuchemshe?" akauliza mke wangu.
"Ukichemsha, mama, maji yanapungua. Yenyewe inabaki."

Yenyewe. Haina rangi, haina harufu,
haina hata adabu ya kuuma ulimi.

Basi wakapaka msalaba mwekundu kwenye ukingo wa kisima,
wakanishushia tangi jeusi la lita elfu moja
lenye bomba, na bomba lina kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja.
Lita ishirini kwa kichwa kwa siku:
za kunywa, za kupikia, za kuoshea mchele.
Tuko watano. Nikatia sahihi.
Chai ikanukia dawa, sikulalamika.

Lakini Osmunda.

Osmunda hana kisima. Hajawahi kuwa nacho.
Miaka kumi na mitatu amepita kwenye uwazi wa ua wangu
ndoo kichwani, bila hodi,
maana hodi ya nini kwa maji?
Wanawe wanne wamekulia kisima changu,
na kile kilichokuwa kisimani kimo ndani yao
sawasawa na kilivyo ndani ya wangu.
Nikamwambia karani: mwandike.
Karani, kijana mpole, Chilumba, akafunua kurasa.
"Fomu inasema kaya zenye visima vilivyoathirika."
"Na watu walioathirika?"
Akaitazama fomu kana kwamba huenda ikajibu.

Usiku nikapiga hesabu ukutani kwa mkaa.
Lita mia kwa vichwa kumi.
Lita kumi. Ugali mara moja, kunywa kwa kupimiana,
mchele labda Jumapili.
Mke wangu hakufurahi. Sitadanganya kwamba alifurahi.
"Kisima ulikigawa bila kuniuliza," akasema,
"na tangi nalo?"
Akalala kanipa mgongo.
Kulipokucha, jiwe la Mtandi halijapata jua,
alikuwa ameshatoka, kaenda kwa fundi sokoni
kuchongesha ufunguo wa pili.

Ijumaa hii nimemwambia Chilumba:
andika, namba kumi na saba, watu kumi.
"Mzee, juzi mlikuwa watano."
"Tumezaana."
Dereva akacheka mpaka akakohoa.
Chilumba hakucheka. Kalamu ikakaa hewani,
wino ukiwa palepale karibu na karatasi,
na huku mbuzi wakilamba.

Ndipo nikamsikia Osmunda, kule uwazini,
ndoo kaishika mkononi badala ya kichwani,
anabisha.
Karatasi yao haikuniuma hivi.
Hodi. Kwa maji.